Nakuhesabia Tatu

Kibanda changu kipo nyuma ya soko la mahindi, Kibaigwa,
mabati pande tatu, upande wa nne turubai la lori.
Wanakiita kibanda umiza. Jina hilo sikulitunga mimi.
Nilitunga mengine.

Kichina sikijui. Kihindi, maneno mawili, yote ya mapenzi.
Kiingereza kilinikimbia darasa la saba, Pandambili.
Lakini nikishika kipaza sauti, sabufa ikikohoa,
mzee wa kwenye skrini akifumbua mdomo
mimi humjaza.
Huenda alisema, "Mwanangu, rudi nyumbani."
Mimi nilisema, "Sema sala yako. Nakuhesabia tatu."
Benchi zote zikalipuka,
wapakia magunia wakarusha kofia juu,
nikajua hapo ndipo ulipo ugali wangu.

Basi kila filamu ikapata hesabu yake.
Hata ile ya harusi.

Siku moja, jua la saa tisa, na upepo wetu ule
uingiao na mchanga bila kubisha hodi,
nilipita nyuma ya mashine ya kukamua alizeti
nikamkuta Ndahani wa mama Mbeho, miaka minane,
amemfunga Chilewa kwa kamba ya katani
kwenye tela bovu.
Kipande cha bomba mkononi.
Na sauti haikuwa yake.
Ilikuwa nzito, imekwaruzwa,
na ilipofika kwenye "sala" ikasita, ikavuta hewa
kama nivutavyo mimi kwa ajili ya kifua changu.
Mtoto alikuwa ameiga hata pumu yangu.

"Moja," akasema.
"Mbili."

Nilimnyang'anya bomba. Nikafungua kamba.
Chilewa alikuwa anacheka, machozi yanamtoka,
akasema, "Baba Sauti, umeharibu. Steringi hafi."
Kwenye kifundo cha mkono, pale kamba ilipokaa,
ngozi ilikuwa imebadilika rangi.

Wiki ile ile akaja bwana mmoja kutoka Dodoma mjini,
faili kwapani, viatu vimeshakata tamaa na vumbi,
mpole. Alikunywa maji yangu bila kuyachungulia.
Hakunifungia. Alinipa fomu.
Jina la filamu. Dakika. Nchi itokako.
Damu: nyingi, kiasi, hakuna.
Akaniagiza niandike 18 mlangoni, kwa rangi, siyo chaki.
Nikamuuliza, "Na maneno?"
"Maneno gani?"
"Yangu."
Akaigeuza karatasi mbele na nyuma, kwa heshima,
kama mtu atafutaye chenji anayojua hana.

Nilipaka 18, nyekundu iliyobaki kwa fundi magari.
Ndahani akasimama mbele yake, akasoma kwa kidole:
"Moja. Nane.
Baba Sauti, mbona umeruka mbili na tatu?"

Na pale kijiweni, simu ya Msigala,
isiyo na mlango wa kuandikwa chochote,
inazunguka mkono kwa mkono
na lori lililopinduka juzi,
kiatu kimoja cha mtu,
na sauti ya mpiga picha ikiwaambia walio hai,
"Sogea. Sogea kidogo, unanizibia."
Ile haikuhitaji mtafsiri.

Usiku wa leo nimejaza watu. Mavuno yameuzwa.
Mzee yule yule wa kwenye skrini anafumbua mdomo,
bastola mkononi, kijana amepiga magoti kwenye mvua.
Nimekaa na kipaza sauti kwenye goti.
Nikasema, "Mwanangu,"
nikasema, "rudi nyumbani, mvua hii itakuua."

Kimya. Kisha miluzi. Kisha mtu mmoja anadai mia mbili yake.

Kwenye tundu la turubai, chini, kimo cha goti,
nikaona jicho.
Halafu kutoka nje, gizani, nikajisikia mimi
nikivuta pumzi kabla ya "sala."